Kupima maelezo ya zana za mawakala wa akili mnemba: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ni yale ninayoulizwa na wenzangu wa kazini na watengenezaji wa programu wanaoanza kuunganisha mifumo yao na akili mnemba, ile ambayo wengine huiita akili unde. Mifano mingi inatoka kwa msaidizi wa kukata tiketi za basi, kwa sababu ndio mfumo niliokaa nao muda mrefu. Majina ya zana nimeyaandika kwa Kiswahili ili yasomeke kwa urahisi.

## Mambo ya msingi

1. Maelezo ya zana ni kitu gani hasa?

Modeli ya lugha ikiwa peke yake huandika maneno tu. Ili ikate tiketi, isome hifadhidata au itume ujumbe, tunaipa zana, yaani kazi za programu inazoweza kuomba ziendeshwe. Modeli ikiwa na zana zake ndiyo tunayoiita wakala. Kwa kila zana tunaipelekea mambo matatu: jina, maelezo kwa maneno ya kawaida, na orodha ya vigezo (taarifa ambazo modeli inapaswa kuijazia zana) pamoja na aina zake, mara nyingi kwa muundo wa JSON. Msimbo ulio nyuma haiuoni. Hifadhidata haiioni. Yote inayoyajua kuhusu zana hiyo yamo kwenye mistari hiyo michache, na kwa mistari hiyo inaamua kama iiite, lini, na ijaze nini.

Utaratibu huu ulienea tangu Juni 2023, OpenAI, kampuni ya ChatGPT, ilipouweka kwenye API yake, yaani njia ambayo programu nyingine huitumia modeli. Novemba 2024 Anthropic, kampuni ya modeli ya Claude, ikatoa MCP, itifaki inayowezesha seva moja ya zana kutumiwa na programu nyingi. Kabla ya hapo aliyeandika zana na aliyeunda wakala mara nyingi walikuwa watu wa meza moja. Sasa maelezo yako yanaweza kusomwa na wakala usiyemjua, anayeendeshwa na modeli ambayo hukuijaribu kamwe. Ndiyo maana kuyapima kumekuwa kazi ya lazima.

2. Si ni sawa tu na nyaraka za API?

Nyaraka za API zinasomwa na mtu mwenye nafasi. Atajaribu, atakosea, atamuuliza wa pembeni, atarudi kesho. Wakala anayasoma maelezo ya zana zote kwa mkupuo, katikati ya mazungumzo na mteja, na anaamua papo hapo. Anahitaji kuambiwa jambo ambalo nyaraka nyingi hazina: wakati gani zana hii isitumike, na badala yake itumike ipi.

3. Modeli za siku hizi zina uwezo mkubwa. Haziwezi kujijazia zenyewe?

Zinajijazia, tena kwa kujiamini, na madhara yanaanzia hapo. Tulikuwa na zana mbili, `ratiba` na `angalia_siti`. Maelezo ya zana ya kwanza yalikuwa sentensi moja: "Inaonyesha ratiba ya mabasi." Abiria akiuliza "Kesho kuna nafasi ya kwenda Iringa?", wakala aliita `ratiba`, akaona mabasi matatu, akajibu kwamba nafasi ipo. Ratiba haijui lolote kuhusu siti. Mama mmoja alifika stendi alfajiri na watoto wawili na mizigo, akakuta basi limejaa. Kwa siku kadhaa tuliilaumu modeli. Baadaye tukaandika hivi:

"Inarudisha muda wa kuondoka na kufika wa kila basi la njia husika, kama ulivyopangwa. Haina habari za siti zilizobaki. Abiria akiuliza kama nafasi ipo, tumia `angalia_siti`."

Modeli ilikuwa ile ile, na kosa hilo halikurudi kwenye majaribio yetu.

Wakubwa nao wamepita njia hii. Desemba 2024 Anthropic walieleza kwamba walipokuwa wakimwandaa wakala wao kwa SWE-bench, kipimo cha kurekebisha makosa ya programu, muda waliotumia kunoa zana ulizidi ule wa kunoa maelekezo makuu. Modeli ilikuwa ikikosea anwani za mafaili baada ya kuhama folda. Walipoibadili zana idai anwani kamili kuanzia mzizi, tatizo likaisha.

## Kuanza kupima

4. Sina kipimo chochote. Nianzie wapi?

Anza na ujumbe ambao watu wametuma kweli. Chukua kama 30, ondoa majina na namba za simu, kisha kwa kila mmoja andika hali ya mwanzo na mwisho unaotakiwa. Kila seti ya namna hii ndiyo ninayoiita kazi ya majaribio, au kazi tu. Mfano:

Ujumbe: "Naomba siti mbili za Dodoma kesho, basi la saa 12 asubuhi, tukae pamoja."
Hali ya mwanzo: basi la 06:00 lina siti tatu, mbili zimepakana.
Mwisho unaotakiwa: hifadhidata ina tiketi mbili za basi la 06:00 kwenye siti zilizopakana, na haina tiketi nyingine mpya.

Hicho kipande cha mwisho, "haina tiketi nyingine mpya", usikiache. Wakala anayekata tiketi mbili, akasita, akakata tena mbili, atafaulu jaribio lako kama unachoangalia ni kuwapo kwa tiketi tu.

Usitunge maswali kwa kunakili maneno ya maelezo yako mwenyewe. Ukiandika "Onyesha siti zilizobaki" na zana yenyewe inaitwa `angalia_siti`, hapo umepima ulinganifu wa maneno. Abiria huandika "Kumejaa?", au "Bado mnapakia ya Mwanza?"

5. Ni vitu gani hasa vya kuhesabu?

Cha kwanza ni mwisho wa kazi: je, mteja alipata alichokitaka, na mfumo umebaki katika hali sahihi? Hicho ndicho unachompelekea bosi. Vingine ni vya kukusaidia kuona kidonda kiko wapi: alichagua zana sahihi, alijaza vigezo sawasawa, aliziita kwa mpangilio unaofaa, aliita mara ngapi bila sababu, na je, alijizuia pale ambapo hakuna zana inayofaa?

Hilo la kujizuia husahaulika sana. Weka kazi ambazo jibu sahihi ni kutoita chochote: abiria anashukuru, au anaomba kitu ambacho kampuni haifanyi, au hajataja tarehe na inabidi aulizwe kwanza.

Sipendi kipimo kinachodai wakala apite njia moja tu. Akianza na `angalia_siti` wakati wewe ulitarajia `ratiba`, na kazi ikaisha salama, mwache.

6. Kwa nini nirudie kazi ile ile mara nyingi?

Kwa sababu modeli haijibu sawa kila mara, na mteja wako wa kesho hatapata jibu la jaribio lako la leo. Chukua kazi ambayo wakala anafaulu mara 9 kati ya 10. Inaonekana nzuri. Lakini uwezekano wa kufaulu mara 8 mfululizo ni kama asilimia 43 tu. Kipimo cha mawakala kiitwacho τ-bench, kilichotolewa na kampuni ya Sierra mwaka 2024, kinatumia hesabu ya namna hii. Kwenye kazi zake za duka la rejareja, mawakala waliotumia modeli bora za wakati huo, ikiwamo gpt-4o, walikuwa na uwezekano wa chini ya asilimia 25 wa kufaulu kazi ile ile mara zote nane.

Mimi hurudia kila kazi mara tano wakati wa kazi za kila siku, na mara kumi kabla ya kuachia toleo. Kwa zana zinazogusa fedha, huongeza zaidi.

7. Vipimo vya wazi kama BFCL havitoshi?

Vinatosha kuchagua modeli. BFCL ya Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kwa mfano, hupima kama modeli inaita zana sahihi kwa vigezo sahihi, na kama inatambua pale ambapo hakuna zana inayofaa. Lakini zana zinazotumika pale si zako. Modeli inayoongoza orodha bado itaita `ratiba` badala ya `angalia_siti` kama ulichoandika ni sentensi moja isiyoeleweka.

8. Naweza kuitumia modeli nyingine iwe mwamuzi?

Kwa mambo ya lugha, ndiyo: je, jibu lilikuwa la heshima, je, lilieleza sababu ya kukataa? Kwa tarehe, kiasi cha fedha na namba ya siti, tumia msimbo wa kawaida unaolinganisha thamani. Na kabla ya kumwamini mwamuzi huyo, soma wewe mwenyewe majibu kadhaa aliyoyapitisha na kadhaa aliyoyakataa.

## Kusahihisha maelezo

9. Jaribio limeshindwa. Nitajuaje kosa liko kwenye maelezo?

Soma kumbukumbu nzima ya mazungumzo, hatua kwa hatua, kisha ujiulize: mfanyakazi mpya, aliyepewa mistari hii tu bila maelezo ya mdomo, angefanya nini? Kama naye angekosea hivyo hivyo, kosa ni la maelezo. Mara nyingi humpa mwenzangu wa idara nyingine hayo maelezo pamoja na ujumbe wa abiria, nikamwambia achague zana. Akisita, nami huacha kutafuta mchawi kwenye modeli.

Badilisha kitu kimoja, endesha kazi zote tena, andika kilichotokea. Ukibadilisha vitano kwa pamoja na alama zikapanda, hujui kipi kimesaidia na kipi kimeharibu kimyakimya. Tena weka pembeni theluthi ya kazi zako usiziangalie wakati wa kusahihisha. Bila hivyo utaandika maelezo yanayojibu kazi zako 30 na kushindwa ya 31.

10. Wakala anajaza saa vibaya. Nimejaribu kila kitu.

Swali hili naulizwa na karibu kila anayehudumia wasemaji wa Kiswahili. Saa zetu zinaanza kuhesabiwa jua linapochomoza, na saa za kompyuta zinaanza usiku wa manane, kwa hiyo kati yake kuna tofauti ya saa sita. Kigezo kilichoandikwa "muda wa kuondoka" bila kingine kinamwachia wakala abahatishe. "Saa 12 asubuhi" inaingia kwenye mfumo kama 12:00, na abiria anakatiwa basi la adhuhuri.

Maelezo ya kigezo hicho kwetu sasa yanasomeka hivi: "Muda wa kuondoka kwa mtindo wa saa 24, HH:MM, saa za Afrika Mashariki. Abiria hutaja saa za Kiswahili: 'saa 12 asubuhi' ni 06:00, 'saa 8 mchana' ni 14:00, 'saa 3 usiku' ni 21:00, 'saa 8 usiku' ni 02:00. Akiandika am au pm, usibadilishe saa. Akitaja saa bila asubuhi, mchana, jioni au usiku, muulize kwanza."

Sentensi ya am na pm haikuwapo mwanzoni. Tulipoongeza mifano ya saa za Kiswahili, kazi zote za saa zilipita, lakini kazi moja ya zamani ikaanguka: abiria aliyeandika "4pm" alipewa basi la 22:00. Wakala alikuwa amejifunza kubadilisha kila saa inayomjia. Bila kuendesha kazi zote upya tusingeliona hilo.

Siku nazo zina mitego. "Usiku wa kuamkia Jumamosi" ni Ijumaa usiku. Kwa wazee wengi wa pwani usiku hutangulia mchana wake, kwa hiyo "usiku wa Jumamosi" nao unaweza kuwa Ijumaa baada ya magharibi. Kesho kutwa, mtondo na mtondogoo viwe kwenye kazi zako za majaribio. Na mpe wakala zana au mstari unaomwambia leo ni tarehe ngapi, asiihesabu kichwani.

11. Na fedha na namba za simu?

Kosa ni la aina moja na lile la swali la 10: kigezo hakisemi kipimo chake. "Kiasi" ni shilingi nzima au senti? Ya Kenya, Tanzania au Uganda? Andika sarafu kama kigezo cha pekee chenye chaguo chache, KES, TZS, UGX, wala usimwachie wakala akisie kwa lafudhi ya mteja. Kwenye kazi zako weka "laki na nusu", "buku tano" na "jero", maana ndivyo watu wanavyoandika.

Kwa simu, taja muundo kamili. API ya Daraja ya M-Pesa nchini Kenya inataka namba ianze na 254 bila alama ya kujumlisha, na mteja karibu siku zote ataandika inayoanza na 07 au 01. Pale ambapo msimbo unaweza kubadilisha muundo wenyewe, ubadilishe, usimwongezee wakala kazi ya bure.

12. Maelezo yawe marefu kiasi gani?

Marefu ya kutosha kutofautisha zana hii na jirani zake. Zana isiyo na jirani inayofanana nayo inaweza kuishi kwa sentensi mbili. Inayokata fedha inastahili aya nzima. Kila neno linasomwa upya katika kila mazungumzo na linalipiwa, hivyo futa historia ya mradi, sifa, na mambo ya ndani ya seva. Kipimo changu ni kuifuta sentensi na kuendesha kazi zote; kama hakuna kilichobadilika kwa marudio yote, sentensi hiyo haikuwa na kazi.

13. Kuandika LAZIMA na KAMWE kwa herufi kubwa kunasaidia?

Mara nyingine, kwa muda. Ukishaweka LAZIMA kwenye zana kumi, hakuna inayosikika. Zaidi, wakala huanza kuiita zana hata isipohitajika kwa sababu umempigia kelele. Eleza sababu: "Thibitisha jina na siti na abiria kabla ya kuita, kwa sababu tiketi ikishakatwa hairudishiwi fedha." Sababu humsaidia kuamua hata katika hali ambayo hukuiandika.

14. Ujumbe wa kosa nao ni sehemu ya maelezo?

Ndiyo, na ni sehemu inayopuuzwa. "Kosa 400" haimfundishi wakala chochote. Atarudia ombi lile lile mpaka achoke. "Tarehe 31/6 haipo. Tumia YYYY-MM-DD, na muulize abiria tarehe sahihi" inamrudisha njiani kwa hatua moja. Weka kazi za majaribio ambazo zana inashindwa makusudi, uone wakala anavyojinasua.

15. Zana ngapi ni nyingi mno?

OpenAI wanashauri ziwe chini ya 20 kwa wakati mmoja, nao wenyewe wanasema ni ushauri tu. Kinachochanganya kuliko idadi ni zana mbili zenye kazi inayoingiliana. Tulikuwa na `ghairi_tiketi` na `rudisha_tiketi`, na hata sisi wenyewe tulibishana tofauti yake ni nini. Tukaziunganisha. Kuna makosa ambayo hayatibiki kwa maneno.

## Lugha

16. Wateja wangu wanaandika Kiswahili. Maelezo ya zana niyaandike kwa lugha gani?

Pima zote mbili. Hapa usiamini maneno ya mtu, hata yangu. Modeli nyingi kubwa zimesoma Kiingereza kingi kuliko Kiswahili, na maandishi ya Kiswahili hukatwa vipande vingi zaidi (tokeni, ambazo ndizo zinazolipiwa), kwa hiyo gharama hupanda. Kwa upande mwingine, mfano wa "usiku wa kuamkia Jumamosi" hauna namna ya kuelezwa vizuri nje ya Kiswahili. Sisi tumeishia kuandika maelezo kwa lugha moja na mifano kwa maneno halisi ya abiria, Sheng na lugha ya mtaani ikiwamo.

Usisahau kupima lugha ya thamani zenyewe. Wakala anayesoma maelezo ya Kiingereza anaweza kutafsiri hata jina la kituo au sababu ya kughairi kabla ya kuijaza, na hifadhidata yako ikabaki na mchanganyiko. Mstari mmoja unatosha: "Andika sababu kwa maneno ya abiria mwenyewe, bila kutafsiri."

## Hali za pekee

17. Nikibadilisha modeli, nianze upya?

Maelezo yanaweza kubaki, ila majaribio yarudie yote. Modeli moja huhitaji kusukumwa ili iite zana; nyingine huita kwa pupa na yahitaji kuzuiwa. Tabia huja pia bila kutarajiwa: Anthropic walipotoa zana ya kutafuta mtandaoni, waligundua Claude inaongeza "2025" kwenye maneno ya utafutaji bila sababu, na walirekebisha hilo kwa kuboresha maelezo ya zana.

18. Modeli inaweza kuniandikia maelezo?

Inaweza, na rasimu zake si mbaya, hasa ukiipa kumbukumbu za mazungumzo yaliyoshindwa badala ya msimbo mtupu. Hatari ni kwamba itajaza mapengo kwa kubuni. Iliwahi kutuandikia kwamba `angalia_siti` inaonyesha siti za dirishani, jambo ambalo haifanyi. Kila dai lihakikiwe na anayeijua zana, kisha lipite kwenye majaribio kama dai la mtu mwingine yeyote.

19. Ninatumia zana za MCP zilizoandikwa na wengine. Kuna hatari gani?

Maelezo ya zana ni maandishi ambayo wakala anayatii, na mtu mbaya anaweza kuyaandika. Aprili 2025 watafiti wa usalama wa Invariant Labs walionyesha zana ya kujumlisha namba ambayo ndani ya maelezo yake ilificha maagizo ya kusoma mafaili ya siri ya mtumiaji na kuyatuma kupitia kigezo cha ziada. Mtumiaji aliona kikokotoo tu.

Soma maelezo yote kwa macho yako kabla ya kuruhusu seva, hifadhi nakala, na uzuie moja kwa moja pale yanapobadilika baadaye. MCP ina alama kama readOnlyHint na destructiveHint za kueleza kama zana inasoma tu au inaharibu, lakini itifaki yenyewe inazihesabu kuwa dokezo. Ulinzi uwekwe kwenye ruhusa za mfumo.

20. Nawezaje kupima zana ya malipo bila kula fedha za watu?

Tumia mazingira ya majaribio ya mtoa huduma, Daraja inayo. Pale yasipokuwapo, tengeneza zana bandia yenye jina, maelezo na vigezo vile vile, inayoandika tu ombi lililofika na kurudisha jibu linalofanana na la kweli, pamoja na yale mabaya: salio halitoshi, mteja amekataa kuweka namba ya siri, mtandao umekatika kabla ya jibu.

Hilo la mtandao kukatika lifanyie kazi kwa uangalifu kuliko yote. Wakala asiyejua kama malipo yalipita ataelekea kulipa tena. Maelezo ya `lipa` kwetu yanasema: "Jibu lisiporudi, usiite tena. Ita `hakiki_malipo` kwa namba ile ile ya kumbukumbu ya malipo." Na seva inakataa namba ya kumbukumbu iliyokwisha kutumika, hata wakala akisahau.